Mwalimu Mkuu na Zamu ya Maji

Miaka kumi na sita nilifanya kazi chini ya Mwalimu Mkuu wetu, na katika miaka yote hiyo sikumwona amekaa. Nasema kweli. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Kwenye kikao cha wazazi alizunguka. Katika ofisi ya walimu, chumba kimoja chenye bati linalovuja, kulikuwa na meza yake lakini kiti hakikuwapo, alikuwa amempa mwalimu wa darasa la kwanza, "kwa sababu yeye ana watoto tisini na mimi nina ninyi saba tu." Madaftari aliyasahihisha amesimama, ndizi alikula amesimama, na ukiwa na shida ulimweleza huku mnatembea. Nilipoomba likizo ya uzazi, niliomba tukizunguka kiwanja cha mpira, mimi na tumbo langu, mara nne, mpaka nikamwambia, "Mwalimu, mimi nitazalia golini." Akacheka, lakini hakusimama.

Watu wa bonde lile walimwita Mwalimu Mkuu hata alipokuwa hayupo, hata wake wa ndugu zake. Jina lake lilionekana kwenye barua za serikali tu. Nami nikilitaja hapa, nahisi hata yeye mwenyewe asingegeuka kutazama anaitwa nani.

Mimi si mzaliwa wa Kilimanjaro. Nilitoka Upare, nikapangiwa shule ile ya juu ya Moshi, katika bonde mojawapo la yale yanayoshuka kutoka Kibosho, miaka michache baada ya Uhuru. Nilifika na sanduku la bati na viatu visivyofaa kwa tope. Yeye alikuja kunipokea barabarani, akabeba sanduku begani, akaanza kupanda mlima haraka haraka huku ananiuliza maswali. Nilipofika juu sikuwa na pumzi ya kumjibu hata moja. Akaniambia, "Utazoea. Asiyezoea huku hurudi kwao akiwa na miguu mizuri tu." Baadaye aligundua kwamba mdomo wangu ni mwepesi kuliko miguu, akaanza kunitania. Nikibisha jambo katika kikao alisema, "Mwacheni huyo, ni Mpare. Hata kesi ya kuku ataifikisha Mahakama Kuu."

Lakini kilichomfanya ajulikane mpaka mjini ni matembezi yake.

Kila mwaka, mvua kubwa zikishakwisha na mto umepungua, aliwachukua darasa la saba wote akawatembeza bondeni kutwa nzima. Alisema ni aibu mtoto amalize shule anajua mito ya Ulaya, na huu anaounywa haujui. Tulianzia kanisani, kanisa la mawe la wamisionari wa kwanza, na nyuma ya nyumba ya mapadri palikuwa na mkahawa mzee wenye tundu katikati, ambao walisema ni miongoni mwa ya kwanza kupandwa pande zile. Kutoka hapo tulikwenda kwenye boma la Mangi, mtawala wa jadi wa kule. Siku hizo Mamangi hawakuwa na kazi tena, na boma lilikuwa ghala la mbolea, lakini yeye aliwaonyesha watoto mahali pa kusikilizia mashauri na mahali pa viboko, akawafanya wasimame hapo, kila mmoja kwa zamu, wanyamaze kidogo. Halafu daraja la mawe la wakati wa Mjerumani. Halafu maporomoko. Halafu tulipanda kwenye banio, pale mfereji unapochepuka kutoka mtoni. Na mwisho kabisa, jua likianza kuelekea magharibi, pango.

Alitembea mbele na fimbo ya mkahawa na makatambuga ya matairi, akisema njia nzima. Ukibaki nyuma ulipitwa na historia. Mimi nilikuwa mwalimu wa kufunga msafara, kazi yangu ilikuwa kuhesabu vichwa na kubeba ndizi za kuchemsha, kwa hiyo kwa miaka mingi nilisikia nusu nusu. Moyo wangu ulikuwa haupoi siku ile. Njia za kule ni nyembamba, upande huu migomba, upande huu korongo, na watoto hawasikii.

Aliogopa maporomoko. Hilo nililijua mimi tu, nadhani. Mtu aliyelijua bonde lote kama ua wa nyumba yake, akifika pale maji yanapoanguka aligeuka akayapa mgongo, akamshika mkono mtoto mmoja kwa nguvu, akasema anamzuia asianguke. Mwaka mmoja mtoto aliyeshikwa alikuja kwangu akilia kwamba Mwalimu Mkuu amemuumiza vidole. Nikamwambia, "Vumilia mwanangu, ulikuwa unamsaidia." Hakunielewa.

Wazungu nao walimjua. Walikuja na gari kutoka hoteli ya mjini, wamesikia kuna mwalimu anayetembeza watu. Hakuwakatalia, lakini wakati huo redio ilikuwa inatuambia kila siku habari ya kujitegemea, na yeye aliyachukua maneno hayo kwa namna yake. Mgeni aliyetaka kuona pango alipewa kwanza jiwe alipandishe kutoka mtoni hadi shuleni, tulikuwa tunajenga vyoo. Choo cha wasichana cha shule ile kina mawe ya Waholanzi, Waswidi, na mama mmoja mnene sijui wa wapi aliyebeba mawili na kuomba la tatu. Wakitoa hela aliwaelekeza kwenye kisanduku cha kanisa, halafu akatushangaza sisi walimu kwa kuwaomba chaki bila haya. Chaki zilikuwa zimekosekana kabisa miaka ile. Tuliandikia muhogo mkavu, ambao mume wangu alituletea kutoka tambarare, na mbuzi wakiingia darasani wanaramba ubao.

Alikuwa na neno lake moja ambalo kila aliyepita shule ile analijua. Mtoto akisema jambo lolote, hata akisema jana mvua ilinyesha Uru, alimuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Kama umeona, sema. Kama umeambiwa, mtaje aliyekuambia. Watoto wakaona ni mchezo. Mama akimwambia mwanawe chakula kimeiva, anaulizwa, umeona au umeambiwa? Wengine walipigwa makofi kwa ajili hiyo. Mwenyewe alilishika neno hilo kama sala. Aliwahi kumkatiza ofisa wa elimu katikati ya hotuba, mbele ya wazazi, aliposema kwamba mahudhurio wilayani ni mazuri. "Mheshimiwa, umeona au umeambiwa?" Tulitamani ardhi ipasuke. Ofisa akameza mate akasema ameambiwa, na Mwalimu Mkuu akamshukuru kwa unyenyekevu kabisa.

Sasa nieleze habari ya pango, maana ndiyo iliyonitesa.

Mfongo ni mfereji. Mababu waliuchimba kwa vijiti na mikono ukate ubavu wa mlima ulete maji ya mto kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Maji hayo huenda kwa zamu. Leo huyu, kesho yule, na ukoo wa juu, wanaokaa karibu na banio, hufuatwa na ukoo wa chini. Watu wa kule watakusamehe mengi, lakini usiguse zamu ya mtu. Nimeona wanaume wawili wenye mvi, wote wazee wa kanisa, wakivutana makoti ndani ya mfereji kwa sababu ya robo saa.

Basi Mwalimu Mkuu aliwaketisha watoto mbele ya pango, yeye amesimama, akawaambia: zamani za vita vya Mangi kwa Mangi, watu wa bonde hili walijificha humu na ng'ombe wao siku tatu. Maadui wako ng'ambo ya mto, wanatafuta, hawaoni hata moshi. Siku ya tatu alfajiri mtu mmoja humu ndani akakumbuka kwamba ni zamu yake ya maji. Migomba yake imenyauka. Amengoja siku nane. Akasema, zamu hii ikinipita, nitangoja nane nyingine. Wakamsihi, hakusikia. Akatoka akafungua maji. Maadui walipoona mfongo uliokuwa mkavu umeanza kupitisha maji, wakajua watu wapo karibu. Wakaufuata.

Hapo watoto walicheka, kila mwaka. Walicheka kwa sababu kila mmoja alijua baba yake angefanya vilevile. Yeye alingoja kicheko kiishe, akatazama chini. Ng'ombe wote walichukuliwa, alisema, na waliotoka hai walikuwa wachache. Halafu akamalizia, "Aliyefungua maji alikuwa mtu wa ukoo wa chini."

Mwaka wa kwanza nilipoisikia habari hiyo niliipenda. Mwaka wa pili nikaolewa ukoo wa chini.

Mume wangu alikuwa fundi katika kiwanda cha sukari kule tambarare, akirudi Jumamosi ananukia miwa. Mtu mpole kupita kiasi. Nilipomuuliza kuhusu pango alisema, "Waache waseme. Maji si yanafika?" Yanafika, ndiyo, lakini ya mwisho, yakiwa tope. Katika kamati ya mfongo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuchaguliwa. Kwenye mbege, pombe yao ya ndizi, mtu wetu akinyanyuka kwenda haja, lazima yupo atakayesema, "Huyo anakwenda kufungua," na wote wanacheka, naye anacheka. Na watoto njiani waliwaimbia watoto wetu, "Zamu yako! Zamu yako!" Wanaume wa ukoo ule walikuwa wameuzoea wimbo huo tangu utotoni. Mimi sikuuzoea.

Palikuwa na mtoto wa shemeji yangu, kijana mwenye akili ya hesabu kuliko wote aliowahi kufundisha Mwalimu Mkuu, na hilo alilisema mwenyewe. Alikwenda matembezi na wenzake wa darasa la saba, na siku iliyofuata hakuja shule. Wala iliyofuata. Mwalimu Mkuu alimfuata nyumbani mara tatu. Mtu huyu ambaye hakumpa mtoto sifa ila kwa kubana, alisimama uani kwa shemeji yangu akimbembeleza kijana, na daftari lake la hesabu mkononi. Kijana akasema anaumwa kichwa. Baadaye akashuka kukata miwa. Mpaka mwisho wa mwaka Mwalimu Mkuu aliendelea kuita jina lake asubuhi, anangoja, halafu anaita linalofuata. Akaniuliza, "Mama Manka, mtoto yule alikuwa na nini?"

Mimi nilijua. Nilikuwapo pangoni, niliona masikio yake yalivyowaka, na njiani kurudi niliwasikia wenzake. Nikajibu, "Sijui, Mwalimu." Nilimwogopa. Yeye ndiye aliyeandika ripoti yangu, na jambo lenyewe lilikuwa la ukoo wake na ukoo wetu, maana yeye ni wa ukoo wa juu, na mdogo wake ndiye mwenyekiti wa mfongo. Nilinyamaza, na kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Wakati huo binti yangu Manka alikuwa darasa la nne. Kuanzia siku hiyo nikaanza kuhesabu. Darasa la tano. La sita. Mtoto mwenyewe alikuwa mwepesi wa kujifungia; ukimkaripia hali siku nzima. Nilimtazama akienda shule na nguo ya bluu iliyopauka, nikawa najiambia, mwaka keshokutwa, mwaka kesho. Nilikuwa silali vizuri, nawapigia watoto wa watu kelele bila sababu. Nilifikiri kumhamishia kwetu Upare. Nilifikiri kumuuguza kwa uongo siku hiyo. Mume wangu akasema, "Akikosa siku hiyo ndiyo watajua." Kwa mara moja alisema jambo la maana.

Mwaka Manka alipoingia la saba, akaja Bwana Utamaduni. Ndivyo tulivyomwita, kijana wa ofisi ya wilaya, mwenye pikipiki na mkoba. Alikuwa amesikia habari za matembezi, na alitaka bonde lote liwe njia ya wageni: shule zote za wilaya zije, wazungu waje, na kila mahali pawekwe kibao chenye maelezo. Mwalimu Mkuu alifurahi kama mtoto. Alizunguka kiwanja peke yake. Akaandika maelezo kwenye karatasi, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, vibao na rangi nyeupe na brashi vikaletwa kwangu.

Kanisa, boma, daraja, maporomoko, banio, nikaviandika siku mbili. Kibao cha sita kilikuwa cha pango. Nikaandika vizuri tu, watu walijificha, ng'ombe, siku tatu, mpaka nikafika "mtu mmoja wa ukoo wa". Brashi ikagoma. Nikakaa pale ofisini naitazama rangi ikikauka.

Akaingia anatembea, akazunguka meza. "Rangi imekwisha?"

"Rangi ipo. Mimi hapa siandiki, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Unajua nimeolewa wapi."

"Mama Manka, hii ni historia. Historia haiandikwi kwa kuwaogopa mashemeji."

Hofu ilikuwapo, na hasira ya miaka juu yake. Nikamwambia, "Umeona au umeambiwa?"

Loo! Mtu yule akasimama. Akasimama kabisa, na mkono wake juu ya meza.

"Niliambiwa," akasema. "Na baba yangu."

"Baba yako aliona?"

"Aliambiwa."

"Na baba yako alikuwa wa ukoo gani, Mwalimu?"

Basi nikaona nimeshavunja, nivunje yote. Nikamwambia kuhusu yule mtoto wa hesabu. Nikamwambia hakuwa na homa wala kichwa, shule aliiacha pale pangoni, mbele ya macho yako na yangu, na Manka wangu atakaa pale pale wiki mbili zijazo, na wewe unataka niandike kwa mkono wangu ili hata mzungu asome.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa," nikasema. "Na ulikuwa unatembea."

Nilidhani angenitania Upare wangu. Hakunitania. Alichukua fimbo akatoka, na wiki mbili zile alikuwa haonekani baada ya masomo. Watu walimwona kwa mzee huyu, kwa mzee yule, mpaka Uru. Kibao kikabaki vilevile, nusu yake. Mimi nyumbani nilikuwa naangusha vyombo. Namwambia Manka afue, kumbe nguo ziko kambani.

Siku ya matembezi ilikuwa na jua kali. Bwana Utamaduni alikuja na wazee wa bonde kadhaa, na mwenyekiti wa mfongo, mdogo wake Mwalimu Mkuu, amevaa koti. Tulipita kanisani, bomani, darajani. Kwenye maporomoko Mwalimu Mkuu aliyapa mgongo kama kawaida, na mkono alioushika ulikuwa wa Manka. Nikasema moyoni, huyu ananiomba radhi kabla ya kunichinja. Ndizi nilizobeba sikuweza kuzigawa sawasawa, wengine walipata mbili wengine hawakupata.

Pangoni watoto wakaketi. Manka akakaa nyuma, karibu na miguu yangu, amekumbatia magoti. Mwalimu Mkuu akaanza. Siku tatu, ng'ombe, zamu, migomba iliyonyauka. Watoto wakacheka mahali pale pale. Tayari wawili watatu walikuwa wamegeuza shingo kumtazama binti yangu. Mwalimu Mkuu akatazama chini, na mimi nikamshika mtoto wangu bega.

"Aliyefungua maji," akasema, "alikuwa babu yangu mimi. Baba yake baba. Wa ukoo wa juu. Nyumbani kwetu tulilificha. Nikafundishwa kusema ukoo wa chini, na mimi nikawafundisha ndugu zenu miaka yote hii. Nilikosa. Andikeni."

Halafu mwenyekiti wa mfongo akasema neno moja la Kichagga ambalo sitaliandika, akatema mate, akashuka bondeni peke yake. Bwana Utamaduni akafungua mkoba akaufunga. Watoto wakachukua kalamu, maana Mwalimu Mkuu akisema andikeni, unaandika. Nikamwona Manka naye anaandika, kichwa kimeinama, haraka haraka, anafuta pua kwa mkono wa nguo. Nilitaka kulia, lakini kazi yangu ilikuwa kuhesabu vichwa, nikahesabu, nikakosea mara tatu.

Kibao nilikimalizia kesho yake: ukoo wa juu. Kilikaa mwaka mmoja, halafu mtu akakichukua akaezekea banda la kuku. Watoto wa ukoo wa juu waliimbiwa "Zamu yako!" siku nne, labda tano. Wimbo haukushika. Ukaisha wenyewe, na kwa watoto wetu haukurudi. Manka akamaliza, akafaulu, akaenda sekondari na sanduku langu lile la bati. Yule mtoto wa hesabu Mwalimu Mkuu alimfuata mpaka kwenye miwa. Alimkuta ni baba wa watoto wawili. Kijana akamshukuru sana kwa kuja, akampa muwa, akarudi kazini.

Lakini Mwalimu Mkuu alilipa. Kule familia ikichinja, na hasa Desemba watu wote wanaporudi nyumbani, kila mtu ana nyama yake. Hupewi tu kipande chochote. Kuna cha baba, cha shangazi, cha mkwe, na kidari ni cha kaka mkubwa. Yeye ndiye alikuwa mkubwa kwao. Krismasi ya mwaka ule kidari kikapelekwa kwa mdogo wake, mwenyekiti. Na mwaka uliofuata. Hawakumgombeza, hawakumfukuza, walimpa shingo, kama mgeni aliyepita njia. Nilisikia alikuwa anaipokea, anasema asante, anampa mbwa wa jirani.

Alistaafu. Mke wake akafariki, wanawe walikuwa Dar es Salaam na mambo yao. Tulikutana njiani mara kwa mara, yeye anapanda mimi nashuka, tukasalimiana kwa haraka.

Halafu Desemba moja, siku za foleni za sabuni bado hazijaisha, ukoo wa mume wangu walichinja ng'ombe. Wazee wakakaa kuigawa nyama, na mkubwa wao, mzee ambaye maisha yake yote alikuwa ameitikia kicheko cha mbegeni, akakinyanyua kidari akasema, "Hiki kipelekwe kwa Mwalimu Mkuu." Hakuna aliyebisha. Wakanituma mimi, eti ndimi ninayejua kuongea naye. Nikakifunga kwenye jani la mgomba, nikapanda.

Nilimkuta uani, ana fimbo, goti moja limevimba, anazunguka mkahawa wake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Manka. Umebeba nini?"

"Kidari. Wazee wa ukoo wa chini wamekuletea."

Akatazama jani, akanitazama mimi. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ulisema kweli."

Akaondoka akauzunguka mkahawa. Akauzunguka tena, goti linamvuta. Nilikuwa nimesimama pale na nyama inadondosha damu kwenye kitenge changu.

"Basi kirudishe," akasema.

"Mwalimu!"

"Kirudishe. Nilikwenda kwa wazee saba wiki zile. Unajua waliniambia nini? Kila mzee alinitajia ukoo wa jirani anayegombana naye maji. Saba, koo saba. Wa nane alikuwa bibi mmoja kipofu kule Uru, mama yake alikuwamo pangoni akiwa mtoto mchanga. Akanicheka. Akasema, baba, kulikuwa na giza, walisikia maji tu."

Nikamuuliza, "Na babu yako?"

"Babu yangu sijui hata kama alikuwa amezaliwa." Akapiga fimbo chini. "Lakini watoto hawakubali hadithi isiyo na mtu. Ningesema hajulikani, wangerudi kwenu siku hiyo hiyo. Sisi tuna mwenyekiti wa mfongo, tuna padri, tuna banio lenyewe. Nani atatuimbia wiki mbili?"

"Kwa hiyo ile siku, pale mbele ya wote, Mwalimu, hukuona."

"Sikuona," akasema. "Wala sikuambiwa."

Alisema hivyo mtu yule aliyemuumbua ofisa wa elimu. Nikatazama kidari mikononi mwangu. Nikafikiria yule mzee wetu alivyokinyanyua. Nikamfikiria Manka.

"Mimi ni Mpare," nikamwambia. "Nilichopanda nacho mlima huu sishuki nacho."

"Na wazee wako utawaambia nini?"

"Nitawaambia umepokea."

Akabaki anaitazama ile nyama. Nikaiweka juu ya jiwe la kuanikia kahawa, nikafuta mikono. Palikuwa na kigoda kimoja pembeni ya mlango, kina vumbi, sidhani kama kilikuwa na mtu wake tangu mkewe afe. Akakivuta kwa fimbo, akakikung'uta, akakaa.

Nikaingia jikoni kwake kutafuta kisu.